Barua ya Madai kwa Muuza Jokofu

SWALI: Ndugu Mwanasheria, nilinunua jokofu kwa shilingi 850,000 katika duka moja hapa Moshi mjini, nikapewa risiti na waranti ya mwaka mmoja. Baada ya wiki sita likaacha kugandisha. Nimelirudisha dukani, lakini kila nikifuatilia naambiwa fundi hajafika. Je, naweza kumwandikia mwenye duka barua ya madai bila wakili, na nimtishie polisi? Msomaji, Pasua.

JIBU: Ndugu msomaji, barua unaweza kuiandika mwenyewe, na haipungukiwi nguvu kwa kukosa mhuri wa wakili. Polisi waache kabisa. Kwa maelezo yako hili ni dai la mkataba, na vitisho vitampa mwenye duka nafasi ya kujionyesha kuwa yeye ndiye anayeonewa.

Iandike ukijua kwamba, mwenye duka akikaidi, msomaji wa pili wa barua hiyo atakuwa hakimu, ambaye hakuwapo dukani na hakujui. Kwa hiyo anza na yanayothibitika kwa karatasi: tarehe ya kununua, namba ya risiti, aina ya jokofu, siku lilipoharibika, siku ulipolirudisha na jina la aliyelipokea. Kisha taja msingi wa dai lako, yaani waranti yenyewe pamoja na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Matusi na historia ya ugomvi usiyatie.

Wengi huharibu kwenye ombi. “Naomba haki yangu” haimwambii mtu afanye nini. Andika: “Ninakutaka unirejeshee shilingi 850,000, au unipe jokofu jipya la aina ileile, ndani ya siku 14 tangu utakapopokea barua hii, usipofanya hivyo nitafungua shauri la madai mahakamani bila kukupa taarifa nyingine.” Fidia ya mamilioni usiyoweza kuithibitisha usiidai, kwa maana itakutilia shaka hata kwenye dai lililo la kweli.

Ambatisha kopi tu, risiti halisi ubaki nayo. Na kwa kuwa maandishi ya risiti za EFD (mashine za risiti za kodi) hufifia, piga kopi leo. Peleka barua nakala mbili, yako isainiwe kwa jina, tarehe na mhuri wa duka. Wakikataa kuipokea, itume kwa EMS ya Posta na utunze stakabadhi.