Anga Lishuke Hadi Ufukweni: Ushauri kwa Wanaoanza Kubuni Ulimwengu wa Gemu

Mtu anayekabidhiwa kwa mara ya kwanza kazi ya kubuni ulimwengu wa gemu huanzia juu: huchora jua, huizungushia sayari miezi mitatu kwa sababu inapendeza machoni, huandika jinsi miungu ilivyogombana kabla ardhi haijakuwapo, na baada ya wiki kadhaa huwa na kurasa nyingi ambazo mchezaji hatazigusa kamwe. Kwa miaka niliyofanya kazi hii, jambo ninalowaomba mnaoanza mlishike ni kwamba kila mnachokiweka angani mkifuate mpaka chini, kwa mvuvi, mkulima na mpishi, na kisichofika huko mkiondoe hata kama kimechorwa vizuri.

Mimi nilifundishwa hilo na mwezi. Katika mradi mmoja wa mwanzo, mwandishi wetu wa hadithi alitaka usiku wa mwezi mpevu urudi upesi, nami nikaandika kwenye jedwali kwamba mwezi wa sayari yetu utaandama kila baada ya siku 12, kisha nikaendelea na mambo mengine. Kazi ilipofikia hatua ya majaribio, mwenzetu mmoja aliyekulia pwani ya mashariki ya Unguja alimsimamisha mhusika wake kwenye gati la bandari tuliyoibuni, akayatazama maji kwa muda mrefu, akanigeukia na kuniuliza, "Kaka, huku maji hupwa saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Kwao, wanawake wanaolima mwani na wanaotafuta pweza hupanga siku nzima kwa kufuata saa ya maji; bandari isiyo na saa hiyo haikuwa bandari machoni pake, ilikuwa picha ya bandari.

Tulikaa tukapiga hesabu. Katika dunia yetu, kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu, na kwa kuwa mwezi husogea kidogo kila siku huku dunia ikijizungusha, maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana wakati wa kushuka pwani huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Mwezi wa siku 12 huenda kasi zaidi, kwa hiyo maji ya sayari yetu yalipaswa kujaa kila baada ya saa 13 na dakika 5. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba mwezi unaozunguka upesi hivyo hauna budi kuwa karibu zaidi na sayari, na nguvu inayoinua maji hubadilika kwa kipeo cha tatu cha umbali: umbali ukipungua nusu, nguvu hiyo huongezeka mara 8. Kwa mwezi wenye uzito kama wa kwetu na sayari yenye uzito kama dunia, nguvu hiyo ingekuwa zaidi ya mara 5 ya tuliyoizoea. Huko Unguja, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Zidisha hapo mara kadhaa, kisha ukitazame kijiji ulichokijenga hatua chache tu kutoka mchangani.

Tungeweza kuupunguza uzito wa mwezi na kuyatuliza maji, na mara nyingi hiyo ndiyo njia ya busara. Sisi tuliamua kuyakubali matokeo, na sijawahi kuujutia uamuzi huo. Kijiji kilipandishwa juu ya jabali. Vyombo vilipewa matako bapa ili vikae wima juu ya tope maji yanapokimbia. Soko la samaki lilihamia chini, kwenye sakafu ya bahari yenyewe, likawa linafunguliwa kwa saa chache na kukunjwa kwa haraka, na mchezaji aliyechelewa aliona wachuuzi wakibeba meza zao vichwani huku maji yakiwalamba vifundo vya miguu. Njia ya kwenda kisiwa cha jirani ilipitika kwa miguu wakati wa bamvua tu. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ilimlazimu mtu kulipia mashua. Yote hayo yalitokana na tarakimu moja kwenye jedwali, na hakuna hata moja ambalo ningelifikiria kama ningeendelea kuchora nyota.

Upepo nao huwaponza wengi. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, kisha kusi, upepo utokao kusini, huishika pwani kwa sehemu kubwa ya mwaka inayobaki, na kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuja na pepo moja na kurudi na nyingine. Mbunifu huipenda picha hiyo, akaipachika kwenye sayari ambayo mhimili wake, yaani mstari inaojizungusha juu yake, umesimama wima. Haitakubali. Pepo hizo hugeuka kwanza kwa sababu mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23.5, kwa hiyo jua la utosini huhama kati ya kaskazini na kusini ya ikweta katika mwaka. Na pili kwa sababu kaskazini ya Bahari ya Hindi limelala bara kubwa la Asia, ambalo hupata joto na kupoa upesi kuliko bahari. Bara likipata joto, hewa yake hupanda na upepo wa baharini huvutwa kulielekea. Likipoa, upepo hurudi ulikotoka. Ukiuondoa mwinamo au ukiliondoa bara, unaondoa pia nahodha anayekaa ugenini miezi kadhaa akisubiri upepo wa kurudi, pamoja na ndoa anazofunga huko na maneno yanayohama kutoka lugha moja kwenda nyingine. Kiswahili chenyewe kinadaiwa na upepo huo sehemu ya msamiati wake.

Amua pia upepo unatoka wapi kabla ya kupaka rangi ya msitu. Milima ya Usambara hupokea unyevu wa Bahari ya Hindi kwenye miteremko yake ya mashariki, ilhali nyuma yake nyika ya Mkomazi ni kavu. Ukiamua kwamba sayari yako inajizungusha kinyume na yetu, jua litachomoza magharibi, nazo pepo za kudumu zitageuka, kwa hiyo msitu na nyika vitabadilishana nafasi. Kuhusu mito sina mengi: huungana inapoteremka, haigawanyiki ila karibu na mdomo wake, kama Rufiji inavyofanya kwenye delta, na ziwa kwa kawaida huwa na tokeo moja, kama Victoria linavyotoa maji yake Jinja.

Yakishakaa sawa hayo, ndipo ufike kwenye imani za wakazi, na hapa nawasihi muwe na majalada mawili: moja la namna ulimwengu unavyofanya kazi, jingine la namna watu wake wanavyoueleza. Simulizi za kale zilizofika pwani kutoka Uarabuni zinasema dunia imebebwa na ng'ombe aliyesimama juu ya samaki, na tetemeko hutokea ng'ombe huyo anapotikisika. Tunaposema jua limepatwa, lugha yenyewe inashuhudia kwamba kuna kitu kimelipata. Kilimia, lile kundi la nyota, kimepewa jina kutokana na kulima, na wahenga wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Hata saa zetu, zinazohesabiwa tangu jua linapochomoza, zinafaa kwa sababu tunaishi karibu na ikweta, ambako mchana hurefuka na kufupika kidogo sana. Watu wa latitudo ya 60, mbali na ikweta, wasingeweza kuzitumia bila kuzirekebisha kila wiki. Kwa hiyo usiupe mji wako hesabu ya saa, kalenda au mungu wa mvua kabla hujajua uko nyuzi ngapi kutoka ikweta.

Kwa kazi ya kila siku, mimi huandika ukurasa mmoja kwa kila bandari: jua linachomoza lini, maji yanajaa lini, upepo unatoka wapi mwezi huu, na nyota gani inaonekana alfajiri. Humpa mwenzangu ambaye hajaiona ramani, nikamwambia yeye ni nahodha mwenye shehena ya chumvi na anataka kuondoka kesho. Akiweza kunitajia saa ya kung'oa nanga na upande wa kuelekeza tanga, ninaanza ukurasa wa bandari inayofuata.