Elizabeth de Clare: kwa nini waume watatu, kisha basi
Umeuliza kwa nini Elizabeth de Clare, mwanamke wa ukoo tajiri wa Uingereza, aliolewa mara tatu upesi upesi, halafu akakaa miaka 38 bila mume. Ni ardhi, ndugu yangu. Ndoa ya kwanza, 1308, alikuwa na miaka 13. Mume, John de Burgh, mrithi wa Ulster kule Ireland, akafariki 1313. Mwaka uliofuata Gilbert, kaka yake Elizabeth, akauawa vitani Bannockburn kule Scotland bila kuacha mtoto, na mali ya ukoo ikawa ya dada zake watatu, Elizabeth akiwemo. Hapo mjane akageuka windo. Februari 1316 bwana mmoja, Theobald de Verdun, akamchukua kutoka ngome ya Bristol, akamwoa bila ruhusa ya mfalme. Julai Theobald akafa, kamwacha na mimba. Hata mtoto alipozaliwa, hakupumzishwa: mjomba wake, Mfalme Edward II, alimwoza kwa kipenzi chake Roger Damory, aliyekufa mwasi 1322.

Kila mume alimwachia mtoto mmoja. Naumia nikiwaza hayo yote yalimpata kabla hajatimiza miaka 27. Baadaye aliendesha mashamba yake mwenyewe, na fedha zake ndizo zilizokiinua chuo cha Clare, Cambridge.