Unapima ampia kwa shanti? Angalia kwanza waya zako umezifunga wapi

Kuna mzee wa Likoni anauza samaki, ana friza mbili anaziendesha na sola, betri za volti 24 na inveta, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa kama stima ya nyumba. Akanipigia, "Mwanangu hebu njoo, hizi betri alfajiri hata haijafika zishazima." Watu walikuwa washamwambia anunue betri mpya na hizo si pesa kidogo, nikamwambia mzee ngoja kwanza, tupime usiku kucha tujue hizo ampia zinaenda wapi.

Kwa hio kazi natumia shanti. Ni kipande cha chuma chenye ukinzani mdogo sana, kurenti yote inapita hapo, wewe unapima volti kati ya ncha zake mbili halafu unagawanya kwa ukinzani wake, unapata ampia. Yangu imeandikwa 100A 75mV, yaani ampia 100 zikipita utapata milivolti 75, ukinzani wake basi ni miliomu 0.75. Sasa fikiria, ampia 20 ni milivolti 15 peke yake! Hapo ndo watu wengi wanapotea, mimi pia nilianza na Arduino Uno vile ilivyo, ile bodi ndogo ya kompyuta ya kupimia, ile inasoma biti 10 kwa volti 5, yaani inagawanya volti 5 kwa hatua 1024, kila hatua ni karibu milivolti 4.9, kwa hivyo namba ilikuwa inaruka kutoka ampia 19.5 hadi 26 hakuna kitu katikati. Nikaongeza ADS1115, chipu ya kusoma volti ndogo, hio ni biti 16, ukiiweka geini (ukuzaji) ya 16 hatua moja ni kama maikrovolti 7.8, kwa shanti hii ni ampia 0.01 hivi. Safi kabisa.

Lakini bado namba ilikataa. Klampu mita, ile unayobana kwenye kebo bila kukata waya, inasema 20, laptopu iliyounganishwa na Arduino inasema 24. Nikahangaika na kodi ya programu jioni nzima na kodi haikuwa na shida, shida nilikuwa nimefunga waya zangu za kupimia kwa zile bolti kubwa pamoja na kebo za betri. Hapa kwetu hewa ya chumvi haina huruma, nilipofungua nikakuta lagi, kile kichwa cha chuma cha kebo, ina kutu ya kijani chini yake, na ukinzani wa miliomu 0.15 tu hapo ushakuongezea asilimia 20. Zile skrubu mbili ndogo juu ya shanti zimewekwa kwa sababu hio, waya za kupimia zifunge hapo, peke yake, uzisokote pamoja mpaka kwa kifaa. Nilipohamisha ikasoma 20.1.

Jambo la pili tafadhali usilipuuze, weka shanti upande wa negativu. Ukiweka pozitivu, ncha zote mbili ziko volti 24 juu ya graundi (negativu ya betri) na ADS1115 haivumilii zaidi ya volti inayoiendesha, itaungua na pengine iende na laptopu. Na laptopu ichomoe chaji, itumie betri yake, maana ile pini ya ardhi ya plagi inaweza kufungulia kurenti njia nyingine ukasoma uongo. Stima ya nyumba ya 240 usiijaribu kabisa kwa njia hii, tumia klampu.

Halafu inveta haivuti kurenti sawasawa, inapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, kwa hivyo usiamini somo moja, chukua mengi upate wastani wa sekunde nzima ndo uandike kwenye faili.

Asubuhi tukafungua grafu na mzee amekaa kando yangu. Friza moja ilikuwa inawaka na kuzima vizuri. Ya pili tangu saa nne usiku kompresa haikuzima hata mara moja. Tukaenda kuiangalia, mpira wa mlango umechanika kona ya chini, ukiweka mkono unasikia baridi inatoka. Tukabadilisha mpira, betri ni zile zile za zamani.