Kabla hujaamini mstari: kwa anayeanza kuchambua mitandao ya ubongo wenye kifafa

Mgeni katika kazi hii hukimbilia programu. Baada ya siku chache anapata picha ya ubongo iliyojaa nyuzi, nyekundu palipozidi na buluu palipopungua, na anaamini ameuona ugonjwa. Ningekushauri uanzie kwingine: omba majalada ya wagonjwa uyasome. Nani anatumia dawa gani na kwa kipimo gani? Kifafa kilimshika lini mara ya mwisho? Kilianza akiwa na umri gani? Huanzia upande upi wa ubongo?

Nasema hivyo kwa sababu muunganiko tunaoupima kwa MRI ya mapumziko, yaani picha za ubongo zinazopigwa kwa sumaku mtu akiwa ametulia, ni hesabu tu, hakuna aliyewahi kuuona. Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake walionyesha kwamba maeneo ya ubongo yanayoendesha mikono hupanda na kushuka pamoja hata mtu akiwa ametulia. Tangu hapo tunachukua mawimbi ya maeneo mawili, tunayalinganisha, na kufanana kwao ndiko tunakokuita muunganiko. Chochote kinachoyagusa mawimbi yote mawili kitachora mstari kwenye picha yako, kiwe kifafa au kitu kingine kabisa.

Chukua usingizi. Tagliazucchi na Laufs waliripoti mwaka 2014 kwamba takribani theluthi moja ya watu wanaoambiwa wajilaze ndani ya mashine na kupumzika huanza kusinzia ndani ya dakika 3. Data walizotumia zilikuwa za watu wenye afya. Sasa mfikirie anayemeza dawa za kifafa, ambazo nyingi huleta usingizi, na ambaye pengine usiku uliopita hakulala vizuri. Ukimlinganisha na mwanafunzi aliyejitolea huku amekunywa kahawa, tofauti utaipata bila shaka. Lakini ni tofauti ya nini? Pima usingizi kwa EEG, kipimo cha umeme wa ubongo kwa elektrodi zinazobandikwa kichwani, wakati wa kupiga picha ikiwezekana. Isipowezekana, basi angalau mwombe afumbue macho na atazame alama moja, kisha umuulize akitoka.

Kutikisika kichwa ni adui mwingine, na huyu ni mjanja zaidi. Mwaka 2012 timu kadhaa, mojawapo ikiwa ya Jonathan Power, zilionyesha kwamba mtikisiko mdogo kuliko milimita moja huongeza viunganishi vya karibu na kupunguza vya mbali. Mpangilio huo unasimulika vizuri mno kama dalili ya ugonjwa. Wagonjwa wakitikisika kuliko kundi linganishi, utakuwa umeandika makala kuhusu shingo.

Dawa ndizo zinazoniumiza kichwa zaidi, maana haziondolewi kwa hesabu. Kabamazepini, kwa mfano, hupunguza kasi ya mawimbi ya kawaida ya EEG. Mtu mwenye afya hanywi dawa hizo, kwa hiyo ulinganisho wa wagonjwa na wasio wagonjwa una doa tangu mwanzo. Mimi huamini zaidi kazi inayolinganisha wagonjwa kwa wagonjwa, mathalani wale wanaotulizwa na dawa na wale takribani theluthi moja ambao dawa haziwatoshi, au inayomfuata mtu yuleyule kabla na baada ya upasuaji.

Kwenye EEG shida ina sura tofauti. Chanzo kimoja cha umeme ndani ya ubongo husambaa na kufikia elektrodi nyingi papo hapo. Watu wawili wakigeuka kwa pamoja kwa sababu ngoma imelia, haina maana kwamba wamesemezana. Ndiyo maana Guido Nolte na wenzake mwaka 2004, na Cornelis Stam na wenzake mwaka 2007, walileta vipimo vinavyopuuza ulingano usio na ucheleweshaji wowote. Vitumie, ila ujue vinautupilia mbali pia ulingano wa kweli unaotokea papo hapo. Amua mapema kama utaondoa vipande vyenye miiba ya kifafa, yaani michomo mikali ya ghafla kwenye mawimbi, na uandike uamuzi huo. Mwiba mmoja mkubwa unaoenea kichwani unatosha kupandisha namba zako zote.

Usikate tamaa ukadhani kila kitu ni kelele. Lipo linalosimama imara. Utafiti wa mwaka 2018 wa ENIGMA, muungano wa watafiti wa picha za ubongo,, wenye watu 2,149 wa kifafa na 1,727 wasio nacho, ulikuta thalamasi, kituo cha kupokezana taarifa katikati ya ubongo, imepungua ukubwa na gamba la ubongo limekuwa jembamba hata mbali na mahali kifafa kinapoanzia. Kwa watoto wenye vipindi vifupi vya kuduwaa, yale mawimbi ya mara 3 kwa sekunde hutokana na mzunguko kati ya thalamasi na gamba la ubongo. Kuhusu eneo la temporali, lililo usawa wa sikio, usichanganye wagonjwa ambao kifafa chao huanzia kushoto na wale wa kulia kwa kugeuza picha ili tu upate idadi kubwa. Pande hizo mbili haziharibiki kwa namna moja.

Kuhusu vipimo vya grafu, yaani namba zinazoeleza umbo la mtandao mzima, sina mengi. Ukibakiza asilimia ileile ya viunganishi kwa kila mtu, yule mwenye muunganiko hafifu atajazwa viunganishi vya bahati nasibu, na mtandao wake utaonekana umevurugika. Jaribu viwango kadhaa, uonyeshe vyote.

Halafu kuna mgonjwa mwenyewe. Akitoka kwenye mashine atakuuliza umeona nini. Unachokitafuta ni wastani wa kundi, nao haukuambii kama yeye atapona au kifafa chake kitazidi. Mweleze hivyo kabla hajaingia, wakati bado anaweza kukataa.