Jibu: Mume yuko chuo cha meno, kazi na nyumba vyote juu yangu

Habari dada. Nimekuelewa: mumeo anasomea udaktari wa meno, wewe unatoka kazini jioni unakuta nyumba nzima inakungoja, na ukiuliza unajibiwa "nina mtihani".

Kabla hamjagombana, mwombe ratiba ya muhula mzima, si ya wiki. Miaka ya mwanzo ni nadharia na maabara. Wangu alikuwa akichonga meno ya nta usiku kwenye meza ya chakula, chenga zinatapakaa hadi kwenye kiti cha mtoto, lakini angalau yuko nyumbani. Kliniki, yaani kutibu wagonjwa halisi, ikianza mambo hubadilika: kuna idadi ya kuziba, kung'oa na kutengeneza meno bandia ambayo lazima aitimize, na mgonjwa asipotokea, deni la idadi hiyo linabaki palepale. Kwa hiyo usimtegemee kumchukua mtoto siku za kliniki. Atakuangusha bila kupenda. Mwachie kazi zisizo na saa: kufua, vyombo, kuandaa sare za kesho.

Kazini, mwambie bosi wako mapema wiki za mitihani ni zipi, na likizo yako itunzie hizo. Swali lako la mkopo wa ada nawaachia wanaolijua.