Vito vyenye chapa ya GF: hesabu ninayotumia kukadiria thamani ya chakavu

Mkuu, umesema shangazi yako aliyeishi Marekani amekuachia mfuko wa vito vya zamani, gramu 240, vingi vina chapa "1/20 12K GF". Sonara wa kwanza kavisugua kwenye jiwe, katia tindikali, kasema dhahabu. Wa pili kakata kimoja kwa tupa, kasema shaba. Wote wawili wameona kweli. Mimi niko Ohio na vitu hivi nanunua kwenye minada ya vyombo vya nyumbani, kwa hiyo nakupa hesabu ninayoitumia.

GF (gold filled) ni bamba la dhahabu lililogandishwa juu ya shaba kwa joto na mgandamizo, si ile ya kuchovya. Hiyo 1/20 ni ya uzito: kwenye gramu 20, gramu 1 ni dhahabu ya karati 12. Karati 12 nayo nusu yake tu ndiyo dhahabu safi. Kwa hiyo unabaki na asilimia 2.5. Ikiwa ni 14K (siku hizi huandikwa pia 14/20), ni kama asilimia 2.9. Ukikuta 1/10 12K, hiyo ni asilimia 5, itenge. RGP (rolled gold plate) bamba lake ni jembamba zaidi. GP na HGE, yaani dhahabu ya kuchovya, mimi nazihesabu sifuri, hata kama pembeni imeandikwa 18K.

Sasa usipime mfuko mzima, hapo ndipo watu wanapojidanganya. Ng'oa mawe na lulu. Pitisha sumaku: mikanda ya saa ya kuvutika ina springi za chuma ndani, na bruchi zina pini za chuma. Mifuniko ya nyuma ya saa nyingi ni chuma kisichoshika kutu, na sumaku inaweza isiikamate, kwa hiyo soma maandishi yake. Tuseme zimebaki gramu 200. Mara 0.025, unapata gramu 5 za dhahabu safi.

Halafu uchakavu. Chukua kioo cha kukuzia, tazama pale pingili za mkufu zinaposuguana na upande wa ndani wa pete. Ukiona wekundu wa shaba au ukijani, dhahabu ya hapo imeshakwenda. Vitu vilivyovaliwa sana napunguza asilimia 15, tunabaki na gramu 4.25. Bei ya dunia hutajwa kwa aunsi, na aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1, si 28.35 ya jikoni. Igawe upate bei ya gramu. Kwa kurahisisha, gramu ikiwa dola 100, mzigo wako una dhahabu ya dola 425.

Hiyo siyo pesa utakayoshika. Kutenganisha gramu nne na rundo la shaba ni kazi yenye gharama, na mimi wanunuzi wamenilipa kati ya nusu na theluthi mbili. Sonara wa mtaani akikataa usimlaumu: akiyeyusha anapata donge la shaba lisilomfaa kutengenezea hata pete. Na tafadhali usijaribu mwenyewe kwa tindikali ya naitriki. Ule moshi wa kahawia unaharibu mapafu, na madhara yanaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye ukidhani umepona.

Kabla ya kuuza kwa kilo, tenga saa za mfukoni na minyororo yake, na bruchi zenye jina la mtengenezaji. Saa ya Waltham au Elgin (makampuni ya zamani ya saa ya Marekani) inayotembea, mkusanyaji huwa ananipa zaidi ya bei ya chakavu. Ganda la saa lililoandikwa "20 years" usilipigie hesabu ya 1/20, ile ni dhamana ya kuvaliwa tu, haikuambii uzito wa dhahabu.

Mnunuzi yeyote muulize mapema: analipa kwa chapa, au anayeyusha kwanza na kupima? Akisema anayeyusha, mwambie akupe uzito kwa maandishi kabla mzigo haujaingia kwenye moto. Zile bangili mbili ulizosema chapa haisomeki, weka picha ya kifungo chake kwa karibu, nitazitazama.