Mwembe umeoza ndani, niukate?

SWALI: Salaam kwenu. Mie niko Gede huku Malindi, shambani kwetu kuna mwembe alioupanda babu yake babangu, sasa umeoza ndani, chini shina lina pango hata mtoto aingia, na binamu yangu ashaleta mtu wa mkaa. Juzi nikaona kwa simu eti Uingereza watu wanalinda miti mizee iliyooza kisa mdudu, mbawakawa tu. Ni kweli? Na sisi tushaambiwa magogo ya minazi yaliyooza tuyatoe sababu ya chonga, yule mbawakawa anayeharibu minazi, sasa nimsikize nani?
Msomaji, Gede

JIBU: Wasikize wote ndugu yangu, manake kila mmoja anasema mti wake. Chonga hutaga kwenye gogo la mnazi lililooza, kwenye lundo la samadi, hata kwenye vumbi la mbao. Buu lake ni jeupe, nene kama kidole gumba, limejikunja, na likiwa humo halina neno na mtu, balaa ni akishakua, usiku huruka akatoboa kilele cha mnazi, ukiona makuti yamekatwa kama kwa mkasi ujue kapita. Kwa hivo gogo la mnazi pasua, choma, mabuu wape kuku. Hapo sina mjadala.

Wa Uingereza ni mwengine kabisa. Kuna mmoja anaitwa Limoniscus violaceus, mweusi wa kung'aa samawati, urefu wake milimita 12 hivi, na nchi nzima anajulikana sehemu 3 tu, mojawapo ni Windsor. Yumo kwenye wanaolindwa na sheria yao ya wanyamapori ya 1981. Buu wake anaishi kwenye ule unga mweusi wenye unyevu unaojaa chini ya shina lenye pango, mti unaooza pole pole kwa ndani na huku juu bado una majani, na unga huo haupatikani kwa mwaka mmoja wala kumi. Kinachowatisha zaidi ni kwamba kuna miti mikongwe halafu kuna michanga, ya makamo hakuna, mkongwe ukianguka mdudu hana pa kuhamia mpaka mchanga uzeeke! Sweden walifika kutengeneza masanduku ya mbao wakayajaza vumbi la mwaloni na majani, mengine wakatia hadi kuku mfu, wakayafunga kwenye miti, na wadudu wa mapangoni wakaingia kweli. Yani watu wanapigilia misumari kupata kitu ambacho mwembe wako unacho tayari.

Mdudu wa Windsor huku hayuko, lakini pango ni pango. Hondohondo jike hujifungia ndani ya pango la mti kwa udongo, akabakisha ufa tu wa kupitishiwa chakula na mumewe, sasa miti mizee ikiisha atajifungia wapi? Na popo nao, na nyuki. Mimi mwenyewe wiki hii nimetia mkono kwenye mwembe mmoja wa hivo (gonga kwanza kwa fimbo, nyoka nao wanapapenda), nikatoa gao moja la ule unga, mwepesi, wanukia kama ardhi ilonyeshewa, na ndani yake mna vibawa viwili vitupu vya mbawakawa, vigumu, vyang'aa kama vimepakwa mafuta. Nikaurudisha wote.

Chungulia pango lako vizuri, ukikuta mabuu manene kama ya chonga na minazi iko karibu, yaokote wape kuku, unga uache. Binamu mwambie akate matawi yanayoelekea nyumbani, hayo ndo yatawaangukia, na mkaa wake achukue. Shina aliache lisimame, hata hivo limebaki gamba, mkaa hapo ni kidogo. Halafu masika haya chimba shimo hatua 20 kutoka hapo upande mwembe mwengine, usingoje huo udondoke.